Kula Upya Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo Kamili Kuanzia Funda la Kwanza la Maji

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Dada, niko wiki ya tatu, nimeonja ugali kidogo tu, umenikwama hapa katikati ya kifua. Nifanyeje?"

Jibu la papo hapo: acha kula, inuka, tembea taratibu, na usinywe maji ili kuusukuma. Maji hayausukumi. Yanajaa juu yake, maumivu yanazidi, mwisho unatapika. Ukitulia, mara nyingi unashuka wenyewe. Saa kadhaa zikipita haujashuka, na hata mate hayapiti, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jibu refu ndilo mwongozo huu. Mimi nilifanyiwa upasuaji, kisha nikamuuguza binti wa shangazi yangu aliyefanyiwa wa aina nyingine, na tangu hapo nimekuwa nikijibu watu mmoja mmoja. Wengi wanaokwama si wazembe. Walipewa karatasi yenye vyakula visivyopikwa nyumbani kwao, ikabidi wabahatishe. Hapa nimeandika kwa vyakula vyetu. Daktari aliyekupasua akikupa ratiba tofauti na hii, fuata yake. Yeye ndiye aliyeliona tumbo lako kwa ndani.

## Kwanza jua umefanyiwa nini

Mtaani upasuaji huu wote unaitwa "kukata utumbo". Jina hilo linapotosha, na limewafanya watu wafuate ushauri usiowahusu.

Slivu. Utumbo haukuguswa. Kilichoondolewa ni sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban robo tatu hadi asilimia 80, kikabaki kibomba chembamba chenye mshono mrefu.

Baipasi. Umetengenezewa kifuko kidogo juu ya tumbo, ujazo wake kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kifuko hicho kimeunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo, kwa hiyo chakula kinaruka kipande cha mwanzo cha utumbo. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kikifyonza sehemu kubwa ya madini ya chuma na kalsiamu. Ndiyo maana vidonge vyako ni vingi kuliko vya mwenye slivu, na huna ruhusa ya kuviruka.

Puto. Ukiwekewa puto tumboni hukukatwa wala kushonwa. Ratiba yako ni fupi kuliko hii. Omba ya kwako hospitalini. Hapa utafaidika zaidi na sehemu ya namna ya kula.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka hospitalini

Anayekuuguza avitafute wewe ukiwa bado wodini.

- Vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono vya wauza kahawa ya barazani. Vingi vinaingia kama mililita 60. Pima cha kwako kwa vijiko: kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5.
- Vijiko vidogo vya chai au vya mtoto. Kijiko kikubwa kitakudanganya.
- Blenda, na chujio la chai lenye matundu madogo.
- Chupa ya maji yenye alama za mililita.
- Daftari, na simu yenye kengele.
- Maziwa freshi, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, mtindi usio na sukari, mayai, kuku, samaki wa mnofu laini, dengu na choroko. Unga wa protini wa dukani ni msaada ukiumudu, lakini watu wamepona vizuri bila huo.
- Vitamini na madini ulivyoandikiwa, dawa ya kupunguza asidi, na parasetamo kwa maumivu.
- Namba ya simu ya hospitali inayopokelewa hata usiku. Iandike ukutani, usiiache kwenye simu peke yake.

Kuna vitu vya kuondoa pia. Soda zote, hata zisizo na sukari, kwa sababu ya gesi. Mirija ya kunywea, kwa kuwa inavuta hewa ndani. Sigara. Na kopo la dawa za maumivu lililojaa diklofenaki na ibuprofeni: dawa hizi zinachimba vidonda pale kwenye mshono, hasa kwa mwenye baipasi. Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe, muulize daktari.

## Hatua ya 1: Maji kwa mafunda (siku ya 1 hadi ya 3)

Chukua kikombe kimoja cha kahawa chenye maji ya vuguvugu. Kimalize kwa nusu saa, funda dogo baada ya funda dogo. Kisha jaza tena.

Hesabu yake ni rahisi. Vikombe viwili kwa saa ni mililita 120. Ukiwa macho saa 13 kwa siku, umefika lita moja na nusu bila kugugumia hata mara moja. Siku ya kwanza hutafika huko, na si lazima ufike. Hospitalini una dripu. Ongeza kidogo kila siku.

Unachoruhusiwa: maji, supu ya kuku au samaki iliyochujwa hadi unaona kitako cha kikombe, na chai ya tangawizi isiyokolea, bila sukari. Dafu lichanganye nusu kwa nusu na maji, kwani lina sukari yake.

Sababu. Tumbo limevimba kutokana na kisu. Njia ni nyembamba kuliko itakavyokuwa baada ya mwezi. Funda kubwa linauma kifuani kama umemeza jiwe.

Tahadhari. Ukisubiri kiu, umechelewa. Wengi wanaorudishwa hospitalini siku za mwanzo wameishiwa maji tu. Angalia mkojo: ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au usipokojoa kwa saa nane, piga simu.

Umefaulu ukiona mkojo ni wa njano iliyofifia na unaweza kutembea hadi mlangoni na kurudi bila kizunguzungu.

## Hatua ya 2: Vimiminika vyenye protini (hadi mwisho wa wiki ya 2)

Sasa kila kikombe kifanye kazi mbili, maji na protini. Lengo la siku ni gramu 60 hadi 80 za protini. Wiki hizi mbili wengi hawalifikii, na hapo ndipo uoga huanza. Usiogope, lakini endelea kupanda.

Tengeneza maziwa yaliyoongezewa nguvu: glasi moja ya maziwa, yaani mililita 250, weka vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, koroga, chuja. Glasi ya maziwa peke yake ina takriban gramu 8 za protini. Hii inakaribia mara mbili. Kunywa kwa saa mbili, si kwa dakika kumi.

Vingine: mtindi mwepesi uliopigwa na kuchujwa, supu ya dengu iliyosagwa ikachujwa, supu ya kuku iliyosagwa pamoja na mnofu kidogo kisha ikapitishwa kwenye chujio.

Na uji? Hapa ndipo ninapogombana na akina mama zetu. Uji wa lishe anaoupika bibi kwa mapenzi yote, wenye karanga, siagi na sukari vijiko vinne, ni chakula cha kumnenepesha mtoto. Wewe kwa sasa una nafasi ndogo mno tumboni, na wanga ukiijaza, protini inakosa pa kukaa. Kama uji ndio unaokupa faraja, uwe mwepesi, nusu yake maziwa, bila sukari, na uje baada ya maziwa yako, si kabla.

Maziwa yakikusumbua tumbo wakati zamani hayakukusumbua, hali hiyo hutokea baada ya upasuaji. Hamia kwenye mtindi, ambao wengi huuvumilia zaidi.

Tahadhari. Siku ya nane au ya tisa utajisikia mzima. Jeraha la nje limekauka, njaa haipo, mtu anakwambia "onja tu". Mshono wa ndani haujakauka. Ukitoboka, kilicho tumboni kinavujia ndani ya mwili, na hilo ni jambo la kufa na kupona.

## Hatua ya 3: Chakula kilichosagwa (wiki ya 3 na ya 4)

Kipimo: ukikichota na kijiko kisha ukakipindua, kinateleza kama mtindi mzito, hakina punje wala nyuzi.

Anza na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kwa mlo, milo mitano au sita midogo kwa siku. Mayai yaliyovurugwa laini kisha yakapondwa na mtindi. Samaki wa kuchemsha, changu au sato, ametolewa miba kwa vidole viwili na si kwa macho, kisha amesagwa na supu yake. Maharage au choroko zilizochemshwa hadi zikapasuka, zikasagwa na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Dagaa wakavu wa kusaga, kijiko kimoja cha chai cha unga wake ndani ya supu, wana protini nyingi kuliko watu wanavyodhani; uwaoshe vizuri kwanza, mchanga usikusumbue. Boga na viazi lishe ni sawa, kijiko kimoja, mwishoni mwa mlo.

Kuanzia hapa sheria moja inakaa nawe maisha yote: maji na chakula havikutani. Acha kunywa dakika chache kabla ya mlo, usinywe ukiwa unakula, kisha subiri nusu saa kamili. Ukinywa juu ya chakula, mambo mawili yanaweza kutokea: chakula kinasukumwa chini haraka na njaa inarudi, au hakipiti, na vyote viwili vinarudi juu. Weka kengele ya simu. Watu wa pwani tuliozoea chai pembeni ya kila kitafunwa tunapata taabu sana na sheria hii, nami nilipata.

### Namna ya kula, ambayo ndiyo somo lenyewe

Kaa. Zima runinga. Chota nusu ya kijiko cha chai. Kitafune hata kama kimesagwa, ili ulimi na shavu vizoee mwendo. Meza. Weka kijiko mezani, mkono utoke juu yake. Subiri nusu dakika hadi dakika nzima. Chota tena.

Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukifika dakika 30, ondoka, hata kama kimebaki.

Shibe imehama mahali. Zamani uliisikia tumboni. Sasa inakuja kama mkazo chini ya mfupa wa kifua, au kikwikwi, au pua inaanza kuchuruzika kamasi, au kupiga mbweu. Binamu yangu yeye alikuwa anapiga chafya moja. Chafya ikija, sahani inaondoka; kila mtu nyumbani aliijua. Tafuta ya kwako wiki hizi mbili, iandike kwenye daftari, na uiheshimu. Kijiko kimoja baada ya dalili hiyo ndicho kinachotapisha.

## Hatua ya 4: Chakula laini cha kutafuna (wiki ya 5 hadi ya 8)

Hapa blenda inapumzika na uma unaingia kazini: chochote kinachopondeka kwa mgongo wa uma kinaruhusiwa. Samaki wa mchuzi mwepesi. Kuku wa paja aliyechemshwa hadi anaachia mfupa, akachambuliwa nyuzinyuzi na kulowanishwa kwa supu. Nyama ya kusaga yenye mchuzi. Yai la kuchemsha, moja, lina gramu 6 za protini. Maharage yaliyoiva sana. Mchicha uliokatwa mwembamba. Papai, parachichi na ndizi mbivu kwa kipande kidogo.

Utaratibu wa sahani: protini kwanza, mboga ya pili, wanga mwisho ikibaki nafasi. Ukianza na wanga hutafika kwenye samaki.

Ongeza chakula kipya kimoja kwa siku, mchana, si usiku. Kikikataa, utakuwa umeshajua ni kipi, na una saa za kutosha kabla ya kulala. Kisha kirudie baada ya wiki mbili. Kukataa leo si kukataa milele.

Mimi wiki ya tano nilikula chapati. Ilikuwa robo tu, moto, laini, niliitafuna vizuri. Nilidhani ulaini wa mdomoni ndio ulaini wa tumboni. Sivyo. Unga uliokandwa ukikutana na mate unarudi kuwa donge, unanata, unaziba. Nilikaa sakafuni chooni kuanzia adhuhuri hadi karibu na alasiri, mate yananitoka mfululizo, nimeinamia ndoo. Nayaandika haya kwa sababu watu wengi wanaoniandikia wako wiki hiyohiyo, na kitu kilichowakwamisha ni jamaa yake chapati: maandazi, mkate mweupe, ugali.

Umefaulu hatua hii ukila mlo wa kiasi cha nusu kikombe cha chai bila maumivu, siku saba mfululizo, bila kutapika.

## Hatua ya 5: Kurudi kwenye chakula cha nyumbani (kuanzia wiki ya 8 au ya 9)

Ugali. Usiwe wa kwanza. Ukifika zamu yake, uwe laini, si ule wa kusimamisha mwiko, na uanze na tonge la ukubwa wa gololi. Litafune kana kwamba ni nyama. Tonge hilo moja, kisha subiri dakika mbili. Zoea hilo kwa wiki.

Wali unavimba na punje zinashikana. Wali bokoboko wa maji mengi hupita vizuri kuliko pilau kavu.

Nyama ya ng'ombe na mbuzi ndiyo ya mwisho kurudi kwa wengi. Nyama choma na mishikaki zingoje hata miezi mitatu au zaidi. Kata kipande kama ukucha wa kidole kidogo, tafuna mara 25 hadi 30. Kikibaki mdomoni kama kamba, kiteme; mbele ya wageni tumia tishu, hakuna aibu.

Vingine vya kuchelewesha: embe zenye nyuzi, ngozi nyeupe ya chungwa, mahindi ya kuchoma, makande, miwa, korosho nzima.

Vitamu. Sukari nyingi ikiingia ghafla kwenye utumbo, hasa kwa mwenye baipasi, ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unaenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linasokota, unaharisha. Hali hii huitwa dampingi. Kuna ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baadaye: sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, unataka kuzimia. Juisi ya miwa, soda, visheti na kalimati ndivyo vinavyoongoza. Ikikupata ya kwanza, lala chini upumzike, itapita. Ikikupata ya pili mara kwa mara, mwambie daktari.

Mwenye slivu huenda asipate dampingi kabisa, na hilo lina hatari yake: aiskrimu na juisi vitateleza bila adhabu, na uzito utarudi kimyakimya.

## Hatua ya 6: Vidonge, kila siku, maisha yote

Watu huishika sana ratiba ya chakula kisha wakaacha vidonge mwezi wa nne kwa sababu wanajisikia vizuri. Damu ikipimwa mwaka wa pili, iko chini.

Viwango vya kawaida kwa mtu mzima, ambavyo hospitali yako itavirekebisha kwa majibu ya damu yako:

- Vitamini mchanganyiko yenye madini, kila siku.
- Thiamini, yaani vitamini B1, angalau miligramu 12 kwa siku.
- Vitamini B12, mikrogramu 350 hadi 1000 kwa siku kwa kumeza, au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi.
- Kalsiamu, miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ikigawanywa isizidi 600 kwa mara moja. Ya sitreti ni bora kuliko ya kaboneti, kwa sababu haihitaji asidi ya tumbo ambayo sasa unayo kidogo.
- Vitamini D, mara nyingi yuniti 3000 kwa siku.
- Madini ya chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi na kwa mwenye baipasi.

Chuma na kalsiamu zinanyang'anyana njia. Ziachanishe saa mbili. Chai na kahawa nazo zinazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo chuma kisimezwe na chai ya asubuhi. Ratiba yangu: chuma saa moja asubuhi kwa maji, kalsiamu saa nne, saa tisa na saa mbili usiku.

Wiki za kwanza kidonge kikubwa kinaweza kukwama. Uliza kama kinasagika au kama kipo cha maji. Usisage mwenyewe kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa polepole. Dozi yote itatoka kwa pamoja.

Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Kama una kisukari au presha, zungumza na daktari kabla hujatoka wodini. Sukari hushuka haraka baada ya upasuaji, wakati mwingine siku za mwanzo kabisa. Kuendelea na insulini au glibenklamidi kwa dozi ya zamani huku unakunywa maziwa vikombe viwili kunaweza kukuangusha.

## Kutapika si kawaida

Sehemu hii naomba isomwe na anayekuuguza pia.

Kutapika mara moja kwa sababu ulikula haraka ni funzo. Kutapika kila siku ni ugonjwa. Binamu yangu, wiki ya nne baada ya baipasi, alitapika siku nane. Nyumbani waliambiana, "Ni operesheni hiyo, itazoea." Nilipofika nilimkuta anakwenda chooni ameshika ukuta. Nikamuuliza, akasema miguu imekufa ganzi toka juzi, na nikimtazama, macho yanacheza. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili au tatu tu, na yeye alikuwa ameimaliza. Daktari aliyempokea alimwekea thiamini kwenye mshipa kwanza, ndipo dripu ya glukosi ikafuata. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu glukosi ikitangulia inaweza kuzidisha madhara ya ubongo. Alitembea sawasawa baada ya miezi. Angechelewa wiki nyingine, sijui ningekuwa naandika nini.

Ukifika kwa daktari asiyekufahamu, sema mapema kabisa: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito tarehe fulani, nimetapika siku kadhaa, naomba nifikiriwe thiamini."

Nenda hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Unatapika zaidi ya siku mbili, au maji hayakai.
- Moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto. Huenda mshono unavuja.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti, au pumzi imekata ghafla. Huenda ni damu iliyoganda.
- Choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu.
- Ganzi ya miguu, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili.
- Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya mlo. Kupungua uzito kwa kasi huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo.

## Mwili mwingine wote

Tembea tangu siku ya upasuaji, hata kama ni kuzunguka kitanda. Nyumbani, dakika tano kila saa, kisha ongeza. Kutembea kunazuia damu kuganda na kunatoa gesi.

Usinyanyue kitu kizito kuliko kilo 5 kwa wiki nne hadi sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili ni zaidi ya kilo 10; mwache apande mapajani mwako ukiwa umekaa.

Nywele huanza kukatika mwezi wa tatu hadi wa sita. Inatisha, lakini kwa kawaida zinarudi zenyewe protini na chuma vikiwa sawa.

Wanawake: uzito ukipungua, mimba hushika kwa urahisi kuliko zamani. Subiri miezi 12 hadi 18, na kama una baipasi usitegemee vidonge vya majira, kwa sababu ufyonzwaji wake si wa kuaminika. Zungumzia kipandikizi au kitanzi.

Uzito husimama wiki ya tatu hadi ya sita kwa wengi. Usikate chakula zaidi. Endelea na protini na maji, utashuka tena.

## Ramadhani, sinia na shughuli

Kufunga mwaka wa kwanza ni mashaka makubwa, kwa sababu huwezi kufidia lita moja na nusu ya maji usiku kwa mafunda. Zungumza na daktari miezi kadhaa kabla. Sura ya Al-Baqara inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Ukiruhusiwa baadaye, fungua kwa maji na nusu ya tende, subiri, kisha supu. Mihogo ya nazi na tambi waachie wengine.

Sinia la pamoja ni zuri kwa undugu na gumu kwako, kwa kuwa mwendo wa kula unapangwa na wengine. Chota chako mapema kwenye kisosi, kaa palepale na wenzako, endelea kula kwa mwendo wako. Kwenye harusi na misiba, mwambie mwenye nyumba mapema, kwa heshima: "Mama, nimetoka kwenye operesheni ya tumbo, naomba supu kidogo na kipande cha samaki." Ukisema operesheni, hakuna anayekubembeleza uongeze pilau. Na ukibaki na chakula, omba kifungiwe, uende nacho. Saa tatu baadaye ni mlo wako mwingine.